Neno "Upana" katika Vivinjari

Wako wadhanio kwamba fasili ya istilahi ni shughuli ya wanaisimu tu. Historia ya kurasa za wavuti yaonyesha vingine. Mnamo Desemba 1996 shirika la W3C liliidhinisha CSS, lugha ya kupangia sura ya kurasa, ambayo Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994. Humo "upana" wa kisanduku ulifasiliwa kuwa upana wa yaliyomo peke yake. Nafasi iyazungukayo na mstari wa mpaka vilihesabiwa nje. Internet Explorer 5 ya Windows ilivihesabu ndani. Basi kisanduku cha pikseli 300, chenye nafasi ya 20 na mpaka wa 5 kila upande, kilichukua 350 katika kivinjari kimoja na 300 katika kingine. Safu za maandishi zikakosa nafasi, zikashuka chini. Toleo la 6, la mwaka 2001, lilifuata kanuni, lakini kwa kurasa zilizojitambulisha ipasavyo katika mstari wa kwanza tu. Mfasiri wa miongozo aandikaye "upana" bila kubainisha ni upi humpotosha fundi.

Baadaye CSS yenyewe iliruhusu fasili zote mbili, mwandishi achague. Kwa maoni yangu ile iliyohesabiwa kosa ndiyo iliyo karibu na usemi wetu: seremala aulizwapo upana wa kabati hupima nje, mbao zikiwemo. Watengenezaji wengi wa kurasa siku hizi huchagua hiyo.