Masomo Yasiyo Rasmi ya Kiswahili kwa Wageni wa Kibaha na Kisarawe

Somo lisilo rasmi la lugha ni mafunzo yasiyo na mtaala, mtihani wala cheti, ambayo saa na malipo yake hukubaliwa kwa mdomo. Hutofautiana na kozi za wageni zinazotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Hutofautiana pia na kuokoteza maneno sokoni, kwa kuwa katika somo yupo mtu aliyekubali kuwa mwalimu.

Mkoani Pwani, ziliko Kibaha na Kisarawe, masomo ya namna hii yana historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianza kazi katika nchi ya Wazaramo, Maneromango ikiwa mojawapo ya vituo vyao, na wenyeji ndio waliokuwa walimu wao wa lugha. Huko Kibaha, mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, ulileta walimu, waganga na wataalamu wa kilimo pamoja na familia zao. Miaka ya karibuni wamekuja watu wa kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki, iliyoanza mwaka 2017 kujenga reli ya kisasa inayopita Soga na Ruvu.

Kwa kufuata mahali, masomo haya ni ya aina tatu: ya barazani, ya kazini na ya jikoni. La barazani hufundishwa na mwalimu wa shule au kijana aliyemaliza kidato cha sita, kwa daftari na kalamu. Malipo ni fedha au mabadilishano, yaani saa moja ya Kiswahili kwa saa moja ya Kiingereza. La kazini ni fupi: huishia kwenye amri, vipimo na majina ya zana.

La jikoni ndilo lenye mengi. Mwalimu ni mama mwenye nyumba, na vifaa ni mbuzi, kifumbu na sufuria. Nazi ikikunwa, tui la kwanza likikamuliwa na kuwekwa kando, kisha la pili, mgeni huwa amepitia ngeli tatu bila kutajiwa hata moja: nazi hii imekunwa, tui hili limechujwa, kifumbu hiki kimejaa. Kauli za vitenzi nazo hujitokeza zenyewe, maana mtoto huambiwa akune, mgeni akaambiwa amkunie bibi. Hakuna kitabu kinachopanga upatanisho wa kisarufi kwa ustadi huo.

Kwa kufuata maudhui, sehemu ya kwanza karibu kila mahali ni maamkizi: nani huamkiwa shikamoo, nani habari, na kwa nini mtu mzima hamwamkii mtoto shikamoo. Hufuata saa, inayohesabiwa tangu macheo, kisha bei na idadi za bidhaa kama korosho, muhogo na mananasi. Kizaramo si sehemu ya somo. Mgeni wa vijijini Kisarawe hukisikia kwa wazee na katika nyimbo za ngoma, na akitaka kukijua hana budi kutafuta mwalimu mwingine.

Kasoro kubwa ya masomo haya, hasa ya jikoni, ni adabu ya mwenyeji. Mgeni akisema “kitabu yangu”, anaeleweka, anasifiwa kwamba anajua Kiswahili, na kosa linabaki. Mwalimu wa barazani husahihisha kwa sababu analipwa. Wa kazini hana nafasi. Kwa hiyo mgeni aliyekaa muda mrefu huweza kuongea kwa kasi huku upatanisho wake ukiwa ule wa mwezi wa kwanza. Mpangilio unaofaa zaidi ni jikoni kwa mazungumzo na barazani kwa masahihisho, walimu wakiwa wawili tofauti. Anayehitaji cheti hulazimika kujiunga na kozi rasmi, kama zile za Dar es Salaam au Zanzibar.