Gari la 1903 na Matairi Yake

Mimi ni fundi baiskeli hapa Nyarugusu. Siku moja mteja wangu, mfanyakazi wa shirika, alinionyesha kwenye simu picha ya gari la zamani, Oldsmobile Curved Dash ya 1903. Eti bado linatembea!

Nililipenda palepale, maana lina undugu na kinga, kama tunavyoita baiskeli kule kwetu Fizi. Magurudumu yake ni ya spoki, na nguvu ya injini inafika nyuma kwa mnyororo. Milango halina. Ni kiti kimoja cha watu wawili, na injini ya silinda moja iko chini yake. Usukani nao si duara, ni fimbo, kama ya boti la injini pale Baraka. Ransom Olds alianza kuliuza mwaka 1901 kule Detroit, kwa dola 650, na ni miongoni mwa magari ya kwanza Marekani kutengenezwa kwa maelfu. Mwaka 1904 peke yake yalitoka zaidi ya 5,000.

"Vyote orijino," mteja akasema. "Mbao, shaba, injini. Isipokuwa matairi tu."

Sikushangaa. Chuma ukikipaka mafuta kinaweza kungoja miaka mia. Mpira haungoji, hata ukiuweka ndani bila kuutumia, unakauka na kupasuka.

Lakini usiku neno lile lilinirudia. Matairi ya kwanza yalitoka wapi? Miaka ile mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado machanga. Dunia ilitegemea mpira wa porini, hasa wa Amazoni na wa Kongo. Na Kongo, toka 1885 mpaka 1908, ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Kule Equateur, mbali na kwetu, vijiji vilipangiwa kilo za kuleta. Wanaume waliingia msituni kukinga utomvu wa mimea ya kutambaa, jamaa ya mibungo, na wake zao walishikwa mateka mpaka mzigo utimie. Usipotimia, walinzi wa kampuni walikuja na bunduki.

Mwaka 1904, mwaka uleule wa magari 5,000, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja pale Baringa. Ameketi barazani, anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Hivyo tu ndivyo alivyobakiziwa. Picha hiyo na nyingine kama hizo zilisaidia kumnyang'anya Leopold nchi.

Mwenye gari simlaumu, kazi yake ni nzuri. Ila kwenye gari lote lile, kilichokosekana ni kile kilichotoka msituni.

Mteja aliporudi kuchukua baiskeli yake, nilimsimulia. Alikaa kimya, kisha akaniuliza jina la yule baba linaandikwaje. Nikamwandikia: Nsala. Na binti yake aliitwa Boali.