Korokoroni Asiyefukuzika

Ndugu msomaji, kama umewahi kumwajiri korokoroni akakulindia nyumba mwezi mmoja, halafu mshahara ulipochelewa akakaa mlangoni na funguo zako mfukoni, kulinda hataki na kuondoka hataki, basi utanielewa upesi. Wangu hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya kuzuia virusi niliyoikuta ndani ya kompyuta ya mtumba niliyonunua Kariakoo, kwa pesa nilizodunduliza karibu mwaka mzima. Mwenye duka aliirudisha mashine katika hali ya kiwandani mbele ya macho yangu, nione kwamba haina mambo ya mtu mwingine. Kumbe kiwanda nacho kilikuwa na mgeni wake mle ndani.

Siku 30 za majaribio alikuwa mpole. Zilipokaribia kwisha nilichomeka flashi niliyotoka nayo steshonari, korokoroni akaikamata sura ya saba ya riwaya yangu, eti ina virusi, akaiweka karantini. Sikushtuka. Nikasema nitaitoa kesho, na kesho zikawa nyingi. Siku nilipokwenda kuitoa nikakuta kitufe cha kurudishia mafaili kimefungwa: muda umekwisha, lipa. Kwa dola, tena kwa kadi ya benki. Mimi na kadi ya benki wapi na wapi! Nikajaribu kumfuta. Alama yake ikatoweka, nikashangilia. Nilipozima na kuwasha tena, huyo hapo, ananidai vilevile.

Ndipo nikataka kujua ukaidi huu alifunzwa na nani. Nikasoma, nikauliza mafundi, na nilichokipata ni hadithi ya zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1986, katika mji wa Lahore, Pakistan, ndugu wawili walitengeneza Brain, inayohesabiwa kuwa virusi ya kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM. Ilisafiri kwa diski za flopi. Ajabu ni kwamba waliandika ndani yake majina yao, anwani na namba za simu. Walisema walitaka kuwanasa watu walionakili programu yao bila kulipa. Mwizi wa siku zile alikuwa bado na adabu ya kuacha anwani!

Mwaka 1987 Mmarekani John McAfee, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Lockheed, alianzisha kampuni yake ya kuuza kinga. Programu yake aliiachia isambae kwa njia ya simu, watu binafsi wakaitumia bure, makampuni yakalipa. Mwaka 1992 ukaja uvumi wa virusi ya Michelangelo, iliyopangwa kulipuka tarehe 6 Machi. Magazeti yalitaja hadi kompyuta milioni tano. Siku ikafika, zilizoumia zikahesabiwa kwa maelfu tu, lakini programu za kinga zilikuwa zimekwisha nunuliwa kwa wingi. Hofu ilikwisha onekana kuwa bidhaa.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo kisa changu kilipozaliwa. Mwaka 1993 Microsoft walitoa MS-DOS 6 ikiwa na kinga ndani yake, mteja hanunui tena pembeni. Katika kinga hiyo mlikuwa na mlinzi aitwaye VSafe, aliyekaa katika kumbukumbu ya mashine akichungulia kila kinachopita. Alikuwa na kasoro moja: alikuwa mtiifu mno. Programu yoyote iliyojua maneno ya siri, yaani maagizo mafupi mawili matatu, iliweza kumwambia toka, naye akatoka bila kuuliza anayemtoa ni nani. Watengenezaji wa virusi wakayajua maneno hayo. Wakayaweka mwanzoni mwa virusi zao: kwanza mwondoe mlinzi, halafu ingia ufanye utakalo.

Waliofuata hawakutaka aibu hiyo. Walinzi wapya wakajengwa mpaka kwenye moyo wa mfumo, wanaamka kabla mwenye mashine hajafika. Wakagawanywa vipande vinavyotazamana, ukikizima kimoja kingine kinakiamsha. Mafaili yao ukiyagusa unakatazwa. Wala si ujeuri mtupu. Virusi ikishaingia hukaa kwenye kiti chako, hutumia mkono wako na jina lako. Mlinzi akisikia sauti inasema ondoka, atajuaje kama ni ya mwenye nyumba au ya mwizi? Njia rahisi ni kutomsikiliza yeyote.

Hadi hapo nawaelewa. Lakini ikaingia biashara. Bei ya kompyuta ilishuka, faida ya viwanda ikawa nyembamba, na makampuni ya programu yakaanza kuvilipa viwanda ili bidhaa zao zitangulie ndani ya boksi. Mteja hakuulizwa. Akawashe, azoee, atishwe kidogo, kisha alipe. Ukaidi uliobuniwa kumzuia mwizi ukawa sasa unamzuia mwenye mali. Mambo yakafika mahali Symantec, wenye Norton, na McAfee nao, kila mmoja akalazimika kutoa programu nyingine ya pekee, kazi yake kuing'oa ile ya kwanza. Mimi nahesabu hiyo kuwa ni kukiri kosa.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft wameweka mlinzi wao Defender ndani ya mfumo, bure. Naye ana heshima zake: akimwona mwenzake yupo, husinzia. Ndiyo maana kufuta nusunusu ni hatari. Mabaki yakisalia, Defender anaweza kudhani zamu ina mtu, nawe ukalala mlango wazi.

John McAfee mwenyewe aliiacha kampuni mwaka 1994, na baadaye Intel wakainunua kwa zaidi ya dola bilioni saba, mauzo yaliyokamilika mwaka 2011. Mwaka 2013 mzee huyo akatoa video akiwadhihaki waliobeba jina lake, akionyesha namna ya kuiondoa programu ile. Mwishoni anaipiga kompyuta risasi. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaitazama mashine yangu, nikanyamaza.

Nikaibeba kwa fundi mmoja wa Sinza. Akaiwasha, akatikisa kichwa.

"Dogo, huyu anang'oka. Ila nikimng'oa, vyote vilivyomo karantini vinakwenda naye."

"Kaka, huwezi kuvichomoa kwanza?"

"Amevifunga kwa namna yake, ukivichomoa ni takataka tupu. Hiyo sura huna kwingine?"

"Nusu iko kwenye daftari."

"Na nusu nyingine?"

Nikagusa kichwa. Akacheka, lakini hakuanza kazi. Akaniambia naweza kutafuta mtu mwenye kadi, nilipie mwaka mzima nipate faili moja. Nikakaa kwenye benchi lake karibu saa nzima nikipiga hesabu, nikijaribu kuyakumbuka maneno ya ukurasa wa mwisho. Niliyakumbuka mawili matatu.

"Ng'oa," nikamwambia.

Tukanakili sura nyingine zote kwenye flashi mbili. Akapakua ile programu ya kung'olea kutoka kwa watengenezaji wenyewe, akaiwasha mashine katika ile hali mafundi wanayoiita sefu modi, ambamo walinzi wengi hawaamki, akaipitisha. Akazima, akawasha. Kimya. Akahakikisha Defender ameamka, ndipo akapokea pesa yake.

Sura ya saba nimeiandika upya, safari hii kwanza kwa kalamu. Imetoka tofauti. Mjomba Kassimu, aliyekufa maji katika ile ya karantini, katika hii ameokolewa na wavuvi wa Kunduchi, na sasa sijui nimfanye nini katika sura ya tisa, maana msiba wake nilikwisha uandika.