Tangawizi ya Upare

Wasikilizaji, tangawizi si mzaliwa wa Upare. Asili yake ni Asia. Siku hizi yalimwa Mamba Miamba, juu ya nyika kavu ya Same, katika milima ambamo Wapare tangu kale huongoza maji kwa mifereji na mabwawa yaitwayo ndiva. Waganga wa Uchina na Bara Hindi walitibu tumbo kwayo. Na mwaka 1982 jarida la madaktari The Lancet lilieleza jinsi unga wake ulivyowapunguzia kichefuchefu watu waliozungushwa kitini. Nasi twaponda kipande, twakichemsha katika chai. Lakini malaria haiondoki kwa kikombe hicho: mtoto akishikwa na homa, na apelekwe zahanati siku ile ile, apimwe damu.