Mababu wa Barabara ya Pugu

Kondakta wa daladala ya Gongo la Mboto huita vituo kwa pumzi moja: Tazara, Vingunguti, Kipawa, Uwanja wa Ndege. Barabara anayopita imeandikwa Nyerere kwenye ramani, ila wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu, na kwa habari hii jina la wazee ndilo linalofaa. Upande wa mjini kuna sanamu ya askari aliyeitumikia serikali ya kikoloni. Upande wa pili kuna vilima ambako watu walipigana na Wajerumani kabla hata Dar es Salaam haijawa makao makuu yao. Kipawa iko katikati.

Vita hivyo vya mwanzo vilianza mbali kidogo. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutwaa mamlaka ya miji ya pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Watu wa Pangani wakaona bendera ngeni inapandishwa, wakaghadhibika, na moto ukasambaa pwani nzima chini ya Bushiri bin Salim. Tarehe 13 Januari 1889 ulifika Pugu. Wamisionari Wabenediktini walikuwa wamefungua kituo huko mwaka mmoja tu nyuma. Watatu kati yao waliuawa, wengine wakatekwa na kukombolewa baadaye kwa fedha. Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la askari wa kukodi, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri. Desemba 15 mwaka huohuo Bushiri alinyongwa Pangani.

Wissmann alijengewa sanamu Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza walipoteka mji waliing'oa, ikasafirishwa hadi Hamburg, na huko nako wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha miaka ya 1960. Mahali pake Dar es Salaam, mwaka 1927, Waingereza walisimamisha askari wa shaba aliyeshika bunduki yenye singe. Wazee wa mjini waliiita sanamu ya Bismini. Imetengenezwa vizuri, hilo halina ubishi, na ina maandishi ya Kiswahili na Kiingereza ya kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini mgeni akiuliza Dar es Salaam iko wapi kumbukumbu ya aliyeipinga bunduki hiyo, mwenyeji atakuna kichwa kwanza.

Asikune sana. Makunganya, aliyewasumbua Wajerumani Kilwa hadi wakamnyonga mwaka 1895, ana mtaa wake katikati ya jiji, na watu huutaja kila siku wakielekezana maduka. Na pale Chang'ombe, Temeke, kuna shule ya sekondari inaitwa Kibasila.

Kibasila alikuwa jumbe wa Kisangire, Uzaramo, kusini mwa Pugu. Kosa lake lilitokana na pamba. Kuanzia mwaka 1902 utawala wa Gavana von Götzen ulianzisha mpango wa mashamba ya pamba katika wilaya ya Dar es Salaam: kila jumbe atenge shamba, na watu wake walilime kwa siku 28 kwa mwaka. Mwenye kuijua ardhi ya Uzaramo anajua siku 28 maana yake nini. Mvua za masika hazimsubiri mtu. Siku hizo zikianguka wakati wa kupanda mpunga au kuamia ndege, familia italala na njaa mwaka mzima. Mavuno yalipouzwa, malipo ya mkulima yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine walikataa hata kuyapokea. Kibasila aliipinga pamba hiyo, na vita vya Majimaji vilipopamba moto Wajerumani wakamnyonga.

Uzaramo haukuhitaji kufundishwa na mtu kuchukia pamba. Tangu zamani watu wake walikuwa wakienda milima ya Uluguru kwa mzimu wa Kolelo kuomba mvua, na mwaka 1905 habari zilizorudi kutoka huko hazikuwa za mvua tena, bali za kutolipa kodi ya Wajerumani. Kusini zaidi, Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale alikuwa akigawa maji yake ya dawa, yaliyovipa vita vya Majimaji jina. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mipamba. Kinjikitile mwenyewe hakuona mengi ya yaliyofuata. Alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti. Siku chache baadaye Askofu Cassian Spiss, kiongozi wa Wabenediktini walewale wa Pugu, aliuawa na wapiganaji akiwa safarini karibu na Liwale. Kanisa linamhesabu miongoni mwa wafiadini wake. Wajukuu wa wapiganaji nao wana hesabu yao, na hesabu hizi mbili zimekaa jirani kwa zaidi ya karne.

Zimekaa jirani hata ndani ya nyumba moja. Askari wengi waliozima Majimaji walikuwa Waafrika, na waliostaafu walijenga, wakaoa, wakazaa. Dar es Salaam ilipokua, watoto wao na watoto wa waliopigwa risasi walikutana Kariakoo, Ilala, Temeke, na baadaye Kipawa. Kwa hiyo kwenye kisomo cha familia moja, ubani ukifuka na Yasini ikisomwa, marehemu wanaorehemewa wanaweza kuwa wa pande zote mbili za bunduki. Shehe hasomi nani alipigana upande gani.

Ukiacha kisomo, ipo njia ya zamani zaidi ya kumtunza babu: kumpa mtoto jina lake. Mtoto huyo ni somo wa babu. Bibi atamwita "mume wangu" na kumdai kitoweo mbele ya watu, na mama akitaka kumchapa atafikiri mara mbili kabla ya kumchapa mkwewe. Utani huu umebeba historia kuliko vitabu vingi. Aliyepigana mwaka 1905 amekwisha kupata mjukuu, kitukuu, kilembwe na kining'ina, na katika ngazi zote hizo jina linaweza kuwa likizunguka bado, hata pale habari ya kilichompata mwenyewe ilipokwisha kupotea.

Kaburi ndilo lisilo na uhakika, hasa Kipawa. Serikali ilipotaka ardhi ya kupanua uwanja wa ndege, nyumba za Kipawa, Kigilagila na Kipunguni zilifanyiwa tathmini mwaka 1997, kisha wengine wakangoja fidia kwa miaka mingi kabla ya kuhama. Kwa sheria ya mwaka 1969, ardhi ikitwaliwa hata makaburi yaliyomo huweza kuhamishwa, ndugu wakiarifiwa. Ndiyo maana mtu wa eneo hili akitaka kutambika hujikuta anapanda gari kwenda Kisarawe, Rufiji au kusini kabisa, ambako mzizi wa ukoo bado uko ardhini.

Kusini kabisa ni Songea. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga huko wapiganaji wa Kingoni, na hesabu inayotajwa ni mashujaa 67. Miongoni mwao alikuwa Nkosi Mputa Gama, na mwanamke mmoja, Nkomanile. Wengi walibatizwa gerezani na padri Mbenediktini kabla ya kupandishwa kwenye kitanzi. Wakazikwa kaburi moja la halaiki. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, alizikwa peke yake, na wazee wa Kingoni wanasema alizikwa bila kichwa. Kichwa, wanasema, kilichukuliwa Ujerumani. Leo pana Makumbusho ya Majimaji, na kila Februari koo za Mbano, Gama, Komba na nyingine hukusanyika kwa tambiko, ngoma na mavazi ya vita. Wangoni wa Dar es Salaam hupanda mabasi kwenda huko kama wengine wanavyokwenda kwao Krismasi.

Mengi yanayojulikana leo kuhusu vita hivi yasingebaki bila wazee kuulizwa. Mwaka 1968 na 1969 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake kwao wakakae na waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita, waandike wanayokumbuka. Walichelewa, lakini si sana. Mwenye miaka kumi mwaka 1905 alikuwa bado anaweza kuketi barazani na kusimulia. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake Kinjeketile, na tangu hapo kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kimemkuta mganga wa Ngarambe darasani.

Kabla yao, mwalimu mmoja alikwisha kuitumia habari hiyo. Julius Nyerere alikuwa akifundisha St. Francis, Pugu, tangu mwaka 1953, na kwa shughuli za chama cha TANU ilimlazimu kushuka mjini kwa njia hiihii inayopita Kipawa. Mwaka 1955 aliacha ualimu, na mwaka uliofuata akauambia Umoja wa Mataifa, New York, kwamba watu wa Tanganyika walikwisha kupigana bila silaha za maana kwa sababu hawakuamini kuwa mgeni ana haki ya kuwatawala. Uhuru wa Desemba 9, 1961 ulikuja bila risasi. Hata hivyo Siku ya Mashujaa, Julai 25, ambayo kwa miaka mingi iliadhimishwa Mnazi Mmoja, viongozi huweka mnarani mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na shoka. Bunduki ya Bismini haimo.

Mafuvu mengi ya mababu bado yako Ulaya. La Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilirudi Kalenga mwaka 1954. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walieleza kwamba kati ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, 202 ni ya Tanzania, na kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa marehemu kadhaa, akiwemo Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi. Jambo lililokuwa la mdomo, la bibi na mjukuu, likathibitishwa kwa mate.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Dar es Salaam. Novemba 1 alikuwa Songea, akaketi na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa waliyofanyiwa mababu zao, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la mzee wao. Kisangire haikuwamo kwenye ratiba. Huko Chang'ombe, asubuhi, wanafunzi waliendelea kupita chini ya jina la Kibasila, wengine wakikimbia kwa sababu kengele ilikwisha kulia.