Uhalisia wa Nani? Raia, Sheria na Matokeo katika Gemu za Kivita

Utangulizi

Mjadala kuhusu gemu za kivita umetawaliwa kwa muda mrefu na swali moja: je, zinawafanya vijana kuwa wakatili? Hilo ni swali la wanasaikolojia, na makala hii inawaachia wenyewe. Inachoshughulikia ni dai la watengenezaji kwamba gemu zao zinaonyesha vita kama vilivyo. Dai hilo ni la kisanaa, na mhakiki wa fasihi ana nyenzo za kulipima, kwa kuwa suala la uhalisia amelizoea katika riwaya na tamthilia. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba uhalisia unaotangazwa na gemu hizi kwa kiasi kikubwa ni uhalisia wa zana. Madhara ya zana hizo kwa binadamu, hasa raia, huachwa nje, na kuachwa huko ni uamuzi wa watunzi, wala si upungufu wa kompyuta.

Uhalisia wa zana

Arma 3, iliyotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki, ni mfano mzuri wa kuanzia. Mchezaji huona kwa macho ya askari mmoja. Akikimbia kilomita moja na mzigo mgongoni, pumzi humpaa na mtutu wa bunduki huyumba, hivyo hana budi kulala chini na kusubiri atulie. Risasi haifiki papo hapo. Huchukua muda hewani na hushuka kadiri inavyokwenda, kwa hiyo kumlenga mtu aliye mbali kunahitaji kukadiria umbali kwanza. Mara nyingi mchezaji hutembea robo saa nzima bondeni, ramani na dira mkononi, kisha akauawa kwa risasi moja na adui ambaye hakumwona kabisa.

Bidii hiyo ilienea hadi kwenye ardhi yenyewe. Altis, kisiwa kikuu cha gemu hiyo, kiliigwa kutoka kisiwa cha Lemnos nchini Ugiriki. Mnamo Septemba 2012 wafanyakazi wawili wa kampuni hiyo walikamatwa huko kwa tuhuma za ujasusi, wakidaiwa kupiga picha maeneo ya kijeshi. Walikaa rumande kwa takriban miezi minne, na wakaachiwa kwa dhamana Januari 2013. Teknolojia ya ukoo huohuo imezaa pia Virtual Battlespace, programu ambayo majeshi kadhaa, likiwemo la Marekani, yameitumia kufundishia askari. Kwa hiyo watunzi wanaposema kwamba bunduki zao, magari yao na milima yao vinafanana na vya kweli, hawatii chumvi.

Kinachoachwa nje

Mwaka 2004 Alexander Galloway, mtaalamu wa Kimarekani wa nadharia ya vyombo vya habari, alitofautisha gemu inayofanana na hali halisi na gemu ya kihalisia. Ya kwanza inaiga sura ya vitu. Ya pili inaakisi maisha na mapambano ya jamii ya mchezaji. Mojawapo ya mifano yake ilikuwa America's Army, gemu iliyotolewa na Jeshi la Marekani tarehe 4 Julai 2002, bila malipo, ili kuvutia vijana wajiunge na jeshi. Gemu hiyo ilikuwa na kanuni kali: aliyewapiga risasi wenzake alijikuta ndani ya seli ya gereza la kijeshi la Leavenworth. Hata hivyo ilikuwa na mbinu moja yenye maana kubwa zaidi. Wachezaji walipogawanyika makundi mawili, kila kundi lilijiona limevaa sare ya Marekani, na kuwaona wale wengine kuwa maadui. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyecheza kama adui. Swali la vita vinaonekanaje kwa upande wa pili lilikuwa limefutwa kabla risasi ya kwanza haijapigwa.

Wakati mwingine historia yenyewe hubadilishwa. Mnamo Februari 1991, ndege za Marekani na washirika wake zilishambulia misururu ya magari yaliyokuwa yakiondoka Kuwait kuelekea Basra, na barabara hiyo ikaitwa Barabara ya Mauti. Katika Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019 jina hilo limetumika katika nchi ya kubuni, na lawama ya shambulio imetwishwa Warusi. Mwanga, vumbi na mlio wa bunduki katika gemu hiyo vimesanifiwa kwa ustadi mkubwa. Mtendaji ndiye aliyebadilishwa.

Kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi, Delta Force: Black Hawk Down ya mwaka 2003 inahusu mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Askari 18 wa Marekani walifariki, ilhali Wasomali waliouawa wanakadiriwa kuwa mamia. Katika kampeni ya gemu hiyo mchezaji ni askari wa Marekani. Mji anaoupitia ni uwanja wa kazi yake. Wenye mji, ambao walizika watu wengi zaidi, hawakupewa nafsi ya kwanza.

Oreokastro

Je, hali hii ni lazima? Arma 3 yenyewe inajibu kwamba sivyo. Septemba 2017 ilitolewa nyongeza iitwayo Laws of War, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Mhusika mkuu ni Nathan MacDade, mtaalamu wa kutegua mabomu katika shirika la misaada la kubuni. Anafanya kazi Oreokastro, kijiji kilichobaki magofu baada ya vita, huku akihojiwa na mwandishi wa habari. Mchezaji husogea polepole akiwa na kitambuzi mkononi, akisikiliza mlio wake, akitafuta vibomu vidogo vilivyotawanywa na mabomu ya vishada. Katikati ya kazi hiyo hurudishwa nyuma na kuvaa nafsi za watu mbalimbali waliopita kijijini humo. Swali linalomwongoza si namna ya kushinda, bali nani alifanya nini na kwa nini. Nusu ya mapato halisi ya nyongeza hiyo kwa mwaka 2017 ilipelekwa kwa Kamati.

Jambo la kuzingatia ni kwamba injini ya gemu haikubadilishwa. Ni ardhi ileile na fizikia ileile ya risasi. Kilichobadilika ni nani anayeangalia, na kwamba saa haikusimama mapigano yalipokwisha. Tuliyokuwa tukiambiwa kuwa ni mipaka ya teknolojia, kumbe ni mipaka ya mtazamo.

Pingamizi

Watetezi wa gemu za kawaida wana jibu lenye uzito. Wanasema raia wameondolewa makusudi, kwani wakiwekwa watapigwa risasi kwa mzaha. Tukio la uwanja wa ndege katika Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009, ambapo mchezaji hushiriki mauaji ya raia na anaruhusiwa kuliruka tukio lote, lilizua malalamiko katika nchi nyingi. Ni kweli kwamba kumwingiza raia ili awe shabaha nyingine hakuongezi ukweli wowote. Lakini tatizo la tukio lile halikuwa uwepo wa raia. Tatizo lilikuwa kwamba mchezaji afyatue au asifyatue, hadithi huendelea vilevile. Msimamo wa Kamati ya Msalaba Mwekundu hapa ni wa busara: haitaki gemu za kivita zipigwe marufuku, wala ukiukaji wa sheria za vita ufichwe. Inataka anayevunja sheria hizo ndani ya gemu akutane na matokeo ndani ya gemu. Mtunzi anayeweza kumpunguzia mchezaji pumzi kwa sababu ya uzito wa shanta anaweza pia kumfanya ajibu kwa sababu ya mtu aliyemuua.

Hitimisho

Vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura wanacheza gemu za kivita, na huenda huko ndiko wengi wao wanakojifunza vita vinafananaje. Idara zetu za fasihi zinapaswa kuzisoma kwa makini kama zinavyosoma riwaya, kwa kuuliza maswali matatu: nani amepewa nafsi ya kwanza, nani amefanywa mandhari, na nini hutokea baada ya risasi kupigwa. Gemu isiyoweza kujibu swali la tatu ina haki ya kuitwa burudani nzuri, ila haistahili kuitwa ya kihalisia.