Ngomeni: Kijiji cha wavuvi kilichotuma roketi angani

MWANAANGA Neil Armstrong alipoweka mguu wake mwezini, Kenya ilikuwa saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri ya Jumatatu, Julai 21, 1969. Marekani, alikotoka, siku ilikuwa bado Jumapili usiku.

Chombo kilichombeba pamoja na mwenzake Buzz Aldrin, kilichoitwa Eagle, kilikuwa kimetua zaidi ya saa sita kabla ya hapo. Mwenzao wa tatu, Michael Collins, alibaki katika chombo kikuu akiuzunguka mwezi peke yake.

Kutua kwenyewe kulikuwa kwa roho mkononi. Kompyuta ya chombo ilitoa ishara za hatari mara kadhaa, na mahali ilipokuwa ikielekea palikuwa pametapakaa mawe makubwa. Armstrong alishika uongozi wa chombo mwenyewe, akayapita mawe hayo na kutua huku mafuta yaliyosalia yakiwa ya muda usiotimia dakika moja.

Mamia ya mamilioni ya watu duniani waliitazama safari hiyo kwenye televisheni. Nchini Kenya mambo yalikuwa tofauti. Kituo cha Longonot, kilichokuja kuiunganisha nchi na setilaiti za mawasiliano, kilianza kazi mwaka uliofuata, na hivyo Wakenya wengi walipata habari hizo kupitia redio na magazeti.

Isitoshe, nchi ilikuwa katika majonzi. Waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, siku 11 tu kabla ya roketi ya Apollo 11 kuondoka jimbo la Florida. Wapo wazee ambao kwao mwezi huo wa Julai ni wa Mboya kwanza, kisha wa Armstrong.

Lakini yasidhaniwe kwamba Kenya ilikuwa msikilizaji tu katika enzi hiyo. Wakati Armstrong akitembea mwezini, tayari roketi ilikuwa imekwisha kurushwa kutoka bahari ya Kenya na kufikisha setilaiti angani. Na kabla ya miezi 17 kupita tangu siku hiyo, nyingine ingerushwa kutoka papo hapo, ikiwa imebeba chombo chenye jina la Kiswahili ambacho kingeona mbali kuliko mwezi mara nyingi zisizohesabika.

Mahali hapo ni Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini mwa mji wa Malindi.

Kwa nini Ngomeni?

Asili ya kituo hicho ni mhandisi wa Kiitaliano, Luigi Broglio, aliyekuwa pia mwanajeshi wa kikosi cha anga na mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Roma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Broglio aliishawishi serikali ya nchi yake kuingia katika safari za anga kwa ushirikiano na shirika la Marekani, NASA. Marekani ingetoa roketi na mafunzo, nayo Italia ingetengeneza setilaiti na kutafuta mahali pa kuzirushia.

Mnamo Desemba 15, 1964, kikosi cha Waitaliano kilirusha setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka kituo cha Wallops, jimbo la Virginia. Hata hivyo, shabaha ya Broglio ilikuwa kurusha kutoka karibu na mstari wa Ikweta, na kwa hilo alielekeza macho pwani ya Kenya.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na mwendo wa ardhi huwa mkubwa zaidi penye Ikweta, takribani kilomita 1,670 kwa saa. Florida, iliyo mbali zaidi na mstari huo, huenda kwa takribani kilomita 1,470 kwa saa. Roketi irushwayo kuelekea mashariki hupewa msukumo huo bure, kama vile jiwe lirushwalo mbele kutoka kwenye gari linalokwenda kasi.

Ngomeni iko karibu nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta. Tena mashariki yake ni Bahari Hindi tupu, ambako vipande vya roketi vinavyoachwa njiani vyaweza kuanguka pasipo kumdhuru mtu nchi kavu.

Badala ya kujenga nchi kavu, Waitaliano waliweka majukwaa ya chuma baharini, yakisimama kwa miguu iliyokita kwenye sakafu ya bahari. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia roketi. Jukwaa la Santa Rita lilikuwa la waongozaji na mitambo yao, na nyaya ziliunganisha majukwaa hayo mawili. Ufuoni kulikuwa na kambi yenye vyombo vya kufuatilia setilaiti zikishafika angani.

Roketi yenyewe, iliyoitwa Scout, haikuwa na fahari ya Saturn V iliyowapeleka Armstrong na wenzake. Saturn V ilikuwa na urefu wa mita 110 na uzito wa karibu tani 3,000. Scout ilikuwa na urefu wa mita 22 hivi, ikiwa na sehemu nne zilizowaka moja baada ya nyingine kwa mafuta magumu. Kwa setilaiti ndogo, iliitosha kazi.

Roketi ya kwanza kupeleka setilaiti angani kutoka Ngomeni iliondoka Aprili 26, 1967. Setilaiti hiyo, San Marco 2, ilipima uzito wa hewa nyembamba iliyoko juu kabisa ya dunia. Ilikuwa miaka miwili na miezi mitatu kabla ya binadamu kutua mwezini.

Siku ya Jamhuri, 1970

Kazi iliyoipa Ngomeni jina katika vitabu vya sayansi ni ya Jumamosi, Desemba 12, 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru.

Setilaiti iliyokuwa juu ya roketi ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Katika karatasi za NASA iliitwa SAS-1. Msimamizi wa mradi huo alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme na mwanamke wa kwanza kuongoza mradi wa setilaiti katika shirika hilo. Kwa kuwa siku ya kurushwa ilisadifiana na sikukuu ya taifa mwenyeji, setilaiti ilipewa jina Uhuru.

Aliyeongoza upande wa sayansi alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa nchini Italia aliyehamia Marekani. Miaka minane kabla, mnamo Juni 1962, yeye na wenzake walikuwa wamerusha roketi ndogo iliyogundua kitu cha ajabu: kulikuwa na chanzo kikali cha miale ya eksirei nje kabisa ya mfumo wa jua.

Hewa ya dunia huzuia eksirei za angani zisifike chini. Hilo ni neema kwa viumbe, lakini ni kikwazo kwa mtafiti. Roketi ndogo hupanda na kuanguka, zikimpa nafasi ya dakika chache tu za kutazama. Alichohitaji Giacconi ni chombo kitakachokaa juu mchana na usiku kwa miezi mingi.

Ngomeni ilimfaa kwa sababu nyingine pia. Chombo kinachozunguka dunia kikiambaa na Ikweta, tena si juu sana, hukwepa sehemu kubwa ya miale hatari inayozunguka dunia ambayo ingevuruga vipimo vyake.

Giacconi alisimulia baadaye kwamba roketi ilipokwisha kuondoka, yeye na Townsend waliingia katika mashua ya mpira wakakimbilia kambi ya ufuoni. Hawakuwa na subira ya kungoja ratiba. Setilaiti ilipopita juu yao baada ya kuizunguka dunia, waliviwasha vyombo vyake kwa muda mfupi, wakathibitisha kwamba vilikuwa vikifanya kazi.

Kwa aliyekuwa ufuoni akitazama, urushaji wa roketi ya namna hiyo ni jambo la dakika chache tu. Kwanza huonekana moto na moshi, pasipo sauti. Ngurumo huja nyuma, ikichelewa kwa sekunde tatu hivi kwa kila kilomita iliyoko kati ya mtazamaji na jukwaa. Pindi masikio yanapoisikia, tayari macho yameanza kuipoteza roketi.

Setilaiti iliyorushwa siku hiyo haikupotea upesi hivyo. Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha ya mwisho iliyotokana na vipimo vyake ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, ilhali kabla yake vilivyojulikana vilikuwa vichache mno.

Ni Uhuru iliyoonyesha kwamba vingi vya vyanzo hivyo ni nyota mbili zinazozungukana, moja ikiwa imekufa na kujikunja hadi kuwa ndogo na nzito kupita kiasi, ikiinyonya mwenzake. Gesi inayonyonywa hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei.

Mojawapo ya vyanzo hivyo, Cygnus X-1, ilibadilika kwa kasi iliyowashangaza wataalamu. Vipimo vya Uhuru, vikiunganishwa na vya darubini za ardhini, viliwaongoza kuamini kwamba hapo pana shimo jeusi, yaani kitu chenye nguvu ya uvutano ambayo hata nuru haiwezi kuiponyoka. Hadi wakati huo mashimo meusi yalikuwa zaidi hesabu za makaratasini.

Mwaka wa 2002, Giacconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuanzisha tawi hilo la elimu ya anga. Alifariki Desemba 2018.

Majukwaa yanyamaza

Baada ya Uhuru zilifuata setilaiti nyingine. Mbili zilirushwa mwaka wa 1971, na nyingine mwishoni mwa 1972 ili kuchunguza miale ya gamma. Mnamo Oktoba 15, 1974, ilirushwa Ariel 5 ya Uingereza, na Mei 1975 ikafuata SAS-3 ya Marekani. Kwa jumla, setilaiti tisa zilifika angani kutoka Ngomeni.

Ya mwisho iliondoka Machi 25, 1988. Kufikia hapo, setilaiti nyingi zilikuwa zimekuwa nzito kiasi kwamba Scout haikuweza kuzibeba. Roketi hiyo iliacha kutumiwa kabisa mwaka wa 1994, na majukwaa ya Ngomeni yakakosa kazi yaliyojengewa.

Kambi ya ufuoni haikufungwa. Kituo kilipewa jina la Broglio, aliyefariki mwaka wa 2001, na kikaendelea kufuatilia setilaiti. Swift, setilaiti ya NASA iliyorushwa mwaka wa 2004 kuchunguza milipuko mikubwa ya angani, ni mojawapo ya zilizoteremsha habari zao kupitia Malindi.

Kwa muda mrefu kituo hicho kimezua swali: mwenyeji alipata nini? Roketi zilikuwa za Marekani, majukwaa na wataalamu wa Italia. Kenya ilitoa bahari, nafasi yake karibu na Ikweta, na jina moja. Uhuru ilipofanya ugunduzi uliobadilisha sayansi, vipimo vyake vilisomwa na kuchambuliwa ng'ambo.

Swali hilo lilikuwamo katika mazungumzo yaliyozaa mkataba mpya kati ya Kenya na Italia uliotiwa sahihi mwaka wa 2016, unaogusia pia mafunzo kwa Wakenya na matumizi ya habari za setilaiti. Mwaka uliofuata serikali iliunda Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA).

Matunda yalianza kuonekana. Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, kilichotayarishwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kilekile cha Roma alikofundisha Broglio.

Aprili 15, 2023 ikawa zamu ya Taifa-1, setilaiti ya kupiga picha za ardhi kwa manufaa ya kilimo, utunzaji wa mazingira na kukabiliana na majanga. Wakenya waliifuatilia safari yake moja kwa moja kwenye runinga na simu, jambo ambalo wazazi wao hawakuliweza alfajiri ile ya 1969.

Taifa-1, hata hivyo, ilirushwa kutoka Vandenberg, California. Mwaka wa 1970 roketi iliondoka Kenya na mzigo wa wageni. Mwaka wa 2023 mzigo wa Kenya uliondoka katika ardhi ya wageni. Wazo la kujenga kituo kipya cha kurushia roketi katika pwani ya Kenya limejadiliwa mara kadhaa tangu KSA ianzishwe, na hoja inayotolewa ni ileile iliyomvuta Broglio: Ikweta haijahama, na bahari ya mashariki ingali wazi.

Kilichobadilika ni kwamba safari hii wapo Wakenya waliosomea kazi hiyo. Iwapo roketi itaunguruma tena Ngomeni, watakaokuwa ufuoni wakitazama watapaswa kuwa na ndugu zao miongoni mwa watakaokuwa kwenye mitambo.